ALIPIMA MAWE MBELE YA MAVYAA, SHEMEJI AKAKOSA LA KUSEMA

Pesa za Ghuba zina maneno mengi jamani. Mume yuko Doha anachomwa na jua, pesa zinaingia kwa simu, na kila jamaa aliyebaki nyumbani ana mpango nazo. Ndiyo yaliyomkuta dada mmoja wa Mtwapa, mpishi wa maharusi anayejulikana sana mitaa ile. Jina libaki kapuni.

Mumewe alitaka ua wa nyuma utandikwe mawe ya Mazeras kabla hajarudi likizo. Na si mashauzi. Masika yakiingia pale ni tope tupu, na mamake mzee alishateleza akavunjika mkono. Kabro aliikataa, eti nyumba itafanana na stendi ya mafuta.

Watu wa Pwani wanayajua mawe haya. Ni mawe ya mchanga, yanachimbwa huko Mazeras na bara yake, mengine rangi ya krimu, mengine kahawia, mengine yana michirizi ya zambarau. Uso wake una ukwaruzo, kwa hiyo mguu wa mzee unashika hata pakilowa. Mpaka Nairobi yanapelekwa kwa malori.

Shida ni kwamba pesa alitumiwa shemeji. "Mwanamke ataibiwa na watu wa mawe," ndivyo alivyomwambia kakake, na kaka akakubali.

Lori likaja jioni, likamwaga, likaondoka. Dada akauliza kwa adabu, "Shemeji, hizi ni mita ngapi?" Akajibiwa, "Si lori zima hilo, shemeji! Wataka nini tena?"

Hapo ndipo watu wengi wanapopigwa. Lori si kipimo. Mawe manene yanajaza lori lakini yanafunika padogo, na vipande vilivyovunjika vinaacha mianya tu. Ua ule ni mita 5 kwa 6, yaani mita za mraba 30. Ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika unapata 33. Na pesa zilizotumwa zilikuwa za 33.

Angeweza kupiga simu Doha usiku uleule. Lakini angesema nini? Kwamba ndugu yako wa tumbo moja ni mwizi? Nani angeaminiwa?

Alichofanya ni hiki. Asubuhi alimwita fundi, akapika mahamri na mbaazi, akamwita shemeji kwa chai, akamtolea mavyaa kiti uwani. Kisha fundi akaanza kuyatandika mawe makavu, bila simiti, moja baada ya jingine. Hakuna aliyemshutumu mtu. Yalipokaribia mlango wa jiko yakaisha. Mita 19.

Fundi akachukua nyundo akagonga. Jiwe zima linalia kama kengele, lililooza ndani linasema "pu". Mengine yakabanduka tabaka tabaka kama chapati.

Mavyaa akaweka kikombe chini. "Mwanangu, pesa za mahali palipobaki ziko wapi?"

Shemeji akataja usafiri, akataja kuli, akataja polisi wa barabarani. Kisha akanyamaza. Wiki iliyofuata akarudisha nusu, kimya kimya.

Yaliyobaki dada alikwenda kununua mwenyewe, yeye na fundi ndani ya matatu mpaka Mazeras. Alichagua kwenye rundo moja ili rangi zisigombane, akayamwagia maji aone rangi yake yakilowa, risiti ikaandikwa kwa mita za mraba, na pesa akazimalizia mawe yaliposhushwa na kuhesabiwa. Fundi akashindilia kifusi, akainamisha sakafu sentimita 6 hivi kwa zile mita 5 ili maji yakimbie nyumba. Simiti ilikorogwa kwa maji matamu ya kununua, maana ya kisima cha pale yana chumvi na mawe yangetoka ukungu mweupe. Mwisho akayapaka dawa ya kuziba, kwani jiwe la mchanga linakunywa mafuta, na sufuria za pilau zinashushwa papo hapo.

Kwa mumewe hakusema neno. Aliyepiga simu ni mavyaa, na maneno yake yalikuwa machache: "Pesa za nyumba mtumie mwenye nyumba."

Sasa mavyaa anaanika nazi zake pale kila siku, hashiki ukuta. Lakini shemeji hajala chakula cha Ijumaa kwao tangu siku ile. Mtaani wamegawanyika. Kuna wanaosema alimwaibisha mtu mzima mbele ya mamake, angemwita pembeni. Kuna wanaosema angemwita pembeni, kesho angeitwa mchonganishi wa ndugu.

Haya wadau, ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungepima mbele ya mavyaa au ungemeza mita 14 zako ukanyamaza? Tiririka hapo chini.