Piano ya kwaya kwa dola 480: kununua karibu ao kuagiza ng'ambo?

KALEMIE – Leo siwaletei habari za barabara wala za bei ya unga. Watu wa makwaya mbalimbali ya mji wetu wameniuliza namna gani kwaya yetu ilipata piano ya dijitali kwa feza kidogo, na kama ni afadhali kununua huku karibu ao kuagiza ng'ambo. Nilikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa kazi hiyo, basi nitaeleza yote pamoja na hesabu yake.

Tulikuwa na dola 480, zilizochangwa kwa miezi kumi na moja. Sehemu kubwa ilitoka kwa wamama wanaouza ndagala na mihogo sokoni, leo franka elfu moja, kesho elfu mbili. Miaka michache mbele ya hapo, kwaya ilimpa mtu mmoja feza za kununua spika. Hakurudi na spika wala na feza. Tangu wakati ule, ukitaja mchango, watu wanaangalia chini. Ndiyo sababu mama mweka hazina alitukabidhi bahasha na kusema: «Baba, hii feza ni ya ndagala. Ikipotea tena, kwaya imekufa.»

Mabishano ya kwanza hayakuwa juu ya mahali pa kununua. Yalikuwa juu ya kitu chenyewe. Vijana walitaka klavye mpya ya vitufe 61, ile yenye mamia ya sauti na midundo ndani yake. Mwalimu wa kwaya alitaka piano ya vitufe 88 vizito. Kwenye klavye yetu ya zamani, ubonyeze polepole ao kwa nguvu, sauti ni ileile. Tuna binti wa miaka 14 aliyejifunza hapo peke yake, na masikio yake ni ya ajabu. Lakini siku alipoketishwa kwenye piano ya kweli ya kanisa lingine, kidole cha nne na cha tano vilikosa nguvu ya kusukuma. Mwalimu alisema mtoto akiendelea miaka mitatu hivyo, mkono utazoea vibaya. Tukapatana: klavye ya zamani ibaki na midundo ya vijana, na feza zitafute piano ya kujifunzia.

Katika piano za bei ya chini zinazojulikana kuna Yamaha P-45, Casio CDP-S110 na Roland FP-10. Zote zina vitufe 88 vyenye uzito. P-45 ina sauti kumi tu, na kijana anayependa mapambo ataiona maskini. Lakini kwa mtu anayejenga vidole inatosha kabisa. Jihadharini na jambo hili: vitufe 88 si lazima viwe vizito. Kuna vinanda virefu vya bei rahisi ambavyo vitufe vyake ni vyepesi kama vya klavye ya mtoto. Muulize muuzaji swali hilo wazi, kiisha uthibitishe kwa mkono.

Katika magazini ya hapa mjini tulikuta klavye za vitufe 61 peke yake. Ndugu wa mwimbaji mmoja anayekaa Marekani alituambia amepata P-45 iliyotumika kwa dola 200. Wengi walishangilia. Tulichukua karatasi tukapiga hesabu. Mashirika mengi ya ndege yanapokea mzigo wa abiria ambao urefu, upana na kimo vikijumlishwa havizidi sentimita 158. P-45 peke yake, bila katoni, inafika karibu 178. Haiwezi kupita kama sanduku la kawaida.

Tukauliza kwa mzigo wa ndege. Hapo wengi wanashangaa, kwa kuwa wasafirishaji wanaangalia pia ukubwa wa katoni. Unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kiisha unagawanya kwa 5,000. Katoni ya 140 kwa 40 kwa 25 inatoa kilo 28, hata kama piano yenyewe ina kilo 11 na nusu. Wakala alitaka dola 12 kwa kilo, ni kusema dola 336. Jumlisha na 200: dola 536, na bado hatujagusa forodha. Tena umeme wa Marekani ni volti 120, na wa kwetu ni 220. Adapta iliyoandikwa 100-240 haina shida, lakini ile iliyoandikwa 120 peke yake itaungua mara moja. Uchina kwa meli ni rahisi zaidi kwa kilo, lakini unangoja miezi, na kitu kikifika na kitufe kilichokufa utakirudisha kwa nani?

Tulichagua Dar es Salaam, kwa sababu moja kubwa: yaya wa mwimbaji wetu anafanya kazi kule. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa muuzaji, akatupigia simu ya video. Tulimwomba abonyeze vitufe vyote 88, kimoja kimoja, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Akakanyaga pedali na kupiga noti nyingi pamoja. Akachomeka hedifoni, maana kwenye P-45 tundu hilo ndilo linalopeleka sauti kwenye spika za kanisa. Akasoma maandishi ya adapta mbele ya kamera. Ilichukua karibu saa nzima, na muuzaji alianza kukunja uso, lakini feza za ndagala hazina haraka.

Piano ilisafiri zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Kigoma, kiisha ikavuka ziwa kwa boti, imefungwa ndani ya godoro na plastiki. Bandarini kijana mmoja alitukaribia, akasema tukimpa dola 40 itapita bila karatasi. Ilikuwa pungufu ya nusu ya tuliyolipa. Mwenzetu mmoja alisitasita, na ninamwelewa. Lakini tungewaambia nini wamama? Dola 40 bila risiti, kwa watu walioibiwa spika, ni sawa na wizi wa pili. Tulilipa forodha pamoja na TVA ya asilimia 16, tukachukua risiti.

Hesabu ni hii: piano dola 270, basi na kufungasha 25, boti 20, forodha na TVA 95, stabilizateri 30, meza ya mbao ya kuiweka, iliyotengenezwa na seremala wa kwetu, 25. Jumla 465. Zilibaki 15. Kichwa cha waya chenye meno matatu ya Tanzania tulikibadilisha hapa, tukaweka cha meno ya mviringo.

Stabilizateri si anasa. Umeme wetu unaotoka Bendera unakatika na kurudi kwa kishindo, na ule wa kurudi ndio unaoua vyombo. Ukiwa na mashine ya jua, usiunganishe P-45 moja kwa moja na betri. Adapta yake inatoa volti 12 zilizotulia, lakini betri ya volti 12 ikichajiwa inapanda mpaka karibu 14. Pitia kwenye inverteri. Na unyevu wa ziwa unakula ndani ya vyombo, basi ifunikeni kwa kitambaa safi kila jioni.

Siku ya Mungu, mama mweka hazina alisoma risiti zote mbele ya watu, mpaka zile dola 15, kisha akazibandika mlangoni. Nilimwona muuza ndagala mmoja akizifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, akimwuliza mwanae kila neno asilolijua. Juma lililofuata mchango wa spika ulianza bila mtu kuuomba. Sasa watoto sita wanajifunza kwa zamu, na yule binti ana saa moja kila siku akitoka masomo. Kidole cha tano bado kinachelewa, lakini kinasukuma.

Kama kwaya yenu inatafuta piano, msianze na bei ya dukani. Anzeni na mtu mnayemwamini katika mji ambako piano iko, mwenye masikio na mwenye subira ya kubonyeza vitufe 88.