Nina Sola, Sina Umeme

Huku kwetu Mara ukimuuliza mtu kama ana umeme nyumbani, huenda akakujibu: "Hapana, nina sola." Jibu hilo nimelisikia Tarime, nimelisikia na Mugumu.

Kisayansi halisimami. Paneli hupokea mwanga wa jua na kuugeuza umeme. Kidhibiti chaji huilinda betri isijazwe kupita kiasi. Betri nayo huuhifadhi umeme huo hadi usiku. Paneli zilizo juu ya bati langu ni mbili, za wati 100 kila moja. Zikipata jua kali kwa saa 5, na kisipotee kitu njiani, hutoa yuniti moja, sawa na ile inayonunuliwa kwa luku.

Hata hivyo, wasemaji wana hoja. "Umeme" kwao ni kitu kinacholetwa: huja kwa nguzo na mita, na ukikatika, wa kuulizwa yuko mbali. Sola haiji. Hupandishwa na watu.

Yangu ilipandishwa na majirani watano. Mmoja alileta ngazi, mwingine mbao za kushikilia paneli. Kijana anayetengeneza simu sokoni aliunga nyaya: nyekundu chanya, nyeusi hasi. Kwa kuwa Tarime iko kusini ya ikweta kwa nyuzi moja na kidogo tu, paneli zingeweza kulazwa karibu sawasawa. Mzee mmoja, ambaye hakuwahi kukaa darasani, akapinga: "Inamisheni kidogo, mvua ipate kuosha vumbi." Tukainamisha upande wa kaskazini.

Jioni nilitoa bahasha. Wakaikataa. "Mwalimu," akasema yule mzee, "ujima haulipwi, hurudishwa."

Kauli hiyo ndiyo inayonitawala sasa. Pensheni ni ndogo, na kuchaji simu za watu kungeniingizia senti kila siku. Lakini nitamwandikia bei nani, mwenye ngazi au mwenye mbao? Simu zao huchajiwa bure, na watoto wao husomea mezani kwangu hadi saa 3 usiku, mbali na moshi wa koroboi.

Wako wanaopendekeza tuseme "umemejua". Ni neno lililoundwa vizuri, nami ningelifundisha. Ila "sola" kwa majirani zangu imekwisha kubeba maana ambayo kamusi haitaipata kwa kutafsiri: umeme unaodaiwa na watu unaowajua kwa majina. Mwezi ujao kijana wa simu anafunga ya kwake, nami nimeshaambiwa nitashika ngazi.