MALI BILA DAFTARI
Gari la mbio baina ya Mbarara na Base Camp

Alfajiri huko Base Camp, kabla jua halijatokeza juu ya vilima vya Isingiro, sauti zisikikazo baada ya adhana na jogoo ni sauti za injini. Madereva huinua boneti, hutazama maji na oili, kisha huanza kuita: "Mbarara! Mbarara!" Wasafiri hujongea mmoja mmoja: mama wa Kikongo na furushi lake la vitenge, kijana wa Kisomali anayefuata bidhaa za duka, Mrundi anayempeleka mtoto hospitali, Mnyankole aliyeleta ndizi sokoni. Kila mmoja anayo lugha ya kwao, lakini nauli mara nyingi hupatanwa kwa Kiswahili.

Base Camp ndicho kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi wa Rwanda walipoanza kuvuka mpaka, na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Hivi leo yamegawanyika katika kanda tatu, yaani Base Camp, Juru na Rubondo, nayo yana wakazi zaidi ya laki moja na nusu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kutembea nchini. Kwa sababu hiyo pamezuka maduka, mikahawa, gereji na biashara ya usafiri.

Ni katika biashara hiyo ya usafiri ndipo linapozuka swali linalozisumbua familia nyingi, za raia na za askari: akiba ikishatimia, linunuliwe gari gani? Lile lililotembea kilometa chache kwa bei kubwa, au lile lililotembea sana kwa bei nafuu?

NJIA NDIYO MWALIMU

Kutoka Base Camp hadi Mbarara ni kiasi cha kilometa 60. Njia za ndani ya makazi ni za udongo. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hupenya hata palipofungwa, na wakati wa masika tope huyakamata magurudumu. Mbele, msafiri hukutana na barabara ya lami itokayo Kikagati, kando ya mto Kagera mpakani na Tanzania. Barabara hiyo hupita Isingiro na Kaberebere, katikati ya migomba iliyoipa wilaya hiyo sifa, mpaka Mbarara.

Dereva wa njia hiyo hufahamu jambo ambalo mnunuzi wa mjini aghalabu hulisahau: kilometa hazilingani. Kilometa moja ya lami huzungusha gurudumu tu, ilhali kilometa moja ya udongo hupiga shokapu, hulegeza bushi na kuchafua chujio la hewa. Tena gari lililokaa katika msongamano wa jiji kubwa kama Tokyo huwa na hesabu yake iliyofichika. Gari likisimama, mita ya kilometa nayo husimama, bali injini huendelea kuunguruma na kuchakaa. Hivyo basi, magari mawili yenye tarakimu moja kwenye dashibodi yanaweza kuwa kama ndugu wawili, mmoja aliyelelewa ofisini na mwingine aliyelelewa machimboni.

MBARARA NA MAPENZI YA MBIO

Mbarara ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Uko kiasi cha kilometa 270 kutoka Kampala, nao hupitiwa na mto Rwizi. Mgeni hulakiwa na sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu. Kwa wanajeshi jina hilo lina kumbukumbu zaidi, kwani mwezi Februari 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliuteka mji huo katika vita vya kumwondoa Idi Amin, na leo makao makuu ya Divisheni ya Pili ya UPDF yako Makenke, palepale Mbarara.

Mbarara pia umekuwa mwenyeji wa mashindano ya magari ya taifa. Vijana wakiyaona magari ya Subaru na Mitsubishi yakikata kona na kuacha wingu la vumbi, mioyo huwaka. Mapenzi hayo si mapya. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda Safari Rally mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa magari ya Datsun. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda kwa Subaru. Tangu hapo Subaru yenye tabo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, imekuwa ndoto ya vijana wengi kuanzia Nairobi hadi Mbarara.

Gari la namna hiyo lina faida ya kweli, hasa kwa kuwa magurudumu yote manne huvuta pale penye tope. Lakini lina hasara yake pia. Wengi waliolimiliki walilinunua kwa ajili ya mbio, na mbio haziandikwi kwenye mita ya kilometa.

MFANO WA MWAKA 1965

Safari ya kwanza ilifanyika mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakati huo magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, wala si kwa ukubwa wa injini. Waanzilishi walitaka kujua ni gari lipi linalostahili fedha za mnunuzi katika barabara za Afrika Mashariki. Swali lao lilikuwa lilelile linaloulizwa leo katika yadi za Mbarara.

Jibu zuri kuliko yote lilitolewa mwaka 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza ufundi katika karakana ya baba yake, aliingia mashindanoni pamoja na nduguye Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 kuukuu, lililokwisha kukimbizwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka 1964 na kuachwa nyuma. Kwa mtazamo wa dalali, hilo lilikuwa gari lililokwisha kazi yake. Kwa mtazamo wa fundi, lilikuwa gari ambalo udhaifu wake umekwisha kujulikana na waweza kurekebishwa. Ndugu hao wawili walishinda Safari ya mwaka huo, wakawaacha nyuma watu wenye magari mapya.

Funzo lake si kwamba gari kuukuu ni bora kuliko jipya. Funzo ni kwamba Joginder alijua alichokuwa akikinunua.

KUSOMA GARI KAMA BARUA

Mnunuzi asiye fundi naye aweza kujua mengi akiwa na subira. Mita za siku hizi hubadilishwa kwa mashine kwa muda mfupi, kwa hiyo tarakimu peke yake si ushahidi. Ushahidi upo mahali pengine. Usukani uliolainika na kung'aa, mpira wa pedali ya breki uliolika, kiti cha dereva kilichobonyea na mlango wa dereva unaoshuka ukifunguliwa, vyote havipatani na mita inayodai kilometa 45,000. Chini ya zulia nako patazamwe. Vumbi jekundu likiwa limejaa humo, gari hilo si geni kama muuzaji anavyosema.

Magari yatokayo Japani huja na karatasi. Huko gari hukaguliwa na serikali kwa vipindi, na kilometa zake huandikwa katika cheti. Cheti cha kuliondoa gari nchini nacho hubeba hesabu hiyo. Karatasi za minada ya Japani hulipa gari alama, na herufi R humaanisha kwamba liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji aliye na karatasi hizo azioneshe. Asiye nazo apunguze bei.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla ya mteja kufika huenda anaficha jambo. Moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na mapovu katika rejeta, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi, ugonjwa unaojulikana sana katika baadhi ya injini za Subaru. Matairi manne yalingane, maana katika gari linalovuta kwa magurudumu yote, matairi yenye vimo tofauti huumiza giaboksi.

Kisha kuna mkanda wa taimingi. Katika injini za Subaru za namba EJ, ambazo ndizo zimejaa katika magari ya tabo ya zamani, mkanda huo hubadilishwa kila kilometa 100,000 kwa utaratibu wa Japani, na mpira wake huzeeka kwa miaka hata kama gari limelala. Ukikatika safarini, vali hupinda na injini huharibika. Hapo ndipo hesabu ya mnunuzi inapogeuka: gari lenye kilometa 95,000 ambalo mkanda wake haujaguswa laweza kuwa ghali kuliko lenye kilometa 130,000 ambalo lina risiti ya mkanda mpya.

HESABU YA MEZANI

Chukuliwe mfano wa askari anayekaribia kustaafu. Akiba yake ameiweka katika chama cha akiba na mikopo, kama Wazalendo cha wanajeshi wa Uganda au Exodus cha polisi. Anataka Subaru ya tabo: Jumamosi aiendeshe kwa furaha, na siku nyingine ibebe abiria kati ya Mbarara na Base Camp. Mbele yake yapo magari mawili. Bei hizi ni za mfano tu. La kwanza lina kilometa 62,000, nalo linauzwa shilingi milioni 34. La pili lina kilometa 138,000, nalo linauzwa milioni 25.

Macho ya mume yamelikamata la kwanza. Lakini mama watoto ameketi mezani na kalamu, naye auliza:

"Baba, kwenda na kurudi ni kilometa ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Kwa siku sita za juma?"

"Mia saba na ishirini. Kwa mwaka yapita kidogo elfu thelathini na saba."

"Basi zile kilometa elfu sabini na sita zinazoyatenga magari haya ni kazi ya miaka miwili tu. Twalipa milioni tisa kwa miaka miwili. Na kama mita imerudishwa nyuma, je, milioni tisa zitakuwa zimenunua nini?"

Swali hilo ndilo kiini cha jambo zima. Ikiwa gari la kwanza lina cheti chake, na ukaguzi wa fundi asiye rafiki wa muuzaji umethibitisha hali yake, milioni tisa hizo huenda zisipotee. Lakini ikiwa hakuna ushahidi ila tarakimu, mnunuzi amelipa fedha halisi kwa maneno matupu. Gari la pili, likiwa na risiti za mkanda, oili na shokapu, laweza kuongezewa milioni nne za matengenezo na bado likabakiza milioni tano katika akiba. Gari la tabo lisilo na akiba nyuma yake ni mzigo: lataka oili safi kila kilometa 5,000 hivi, lataka kupumzishwa kidogo kabla ya kuzimwa baada ya mwendo mkali, na petroli hulinywa kwa pupa.

Umri nao utazamwe. Sheria iliyoanza kutumika Uganda tarehe 1 Oktoba 2018 ilizuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Nchini Kenya kikomo ni miaka minane. Magari ya mbio yaliyo makuukuu zaidi ya hapo, yanayouzwa mitaani, yamo nchini tangu zamani na yamepitia mikono mingi. Mkono wa mwisho ndio unaouza, bali mikono yote ndiyo iliyoendesha.

DAFTARI LA ASKARI

Askari ana fundisho lake kazini. Gari la kikosi halitoki langoni bila karatasi ya safari: kilometa za kutoka, kilometa za kurudi, mafuta yaliyotiwa, jina na sahihi ya dereva. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akienda kununua gari lake kwa fedha za miaka ishirini, husahau kuuliza karatasi yoyote, akaridhika na rangi inayong'aa na mngurumo wa ekzosi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Gari nalo ni mali.

Jioni magari hurudi Base Camp yakiwa yamebadilika rangi kwa vumbi. Abiria hushuka, wakachukua mafurushi yao na kutawanyika kuelekea nyumbani, ambako moshi wa jioni unapanda. Dereva mwangalifu hazimi injini mara moja. Huiacha ipumzike, huzunguka gari akitazama matairi, kisha hutoa kijidaftari kilichochakaa na kuandika: kilometa za leo, lita za mafuta, mlio uliosikika upande wa kushoto. Siku atakapoliuza gari hilo, mita yake itakuwa imesoma kilometa nyingi sana. Mnunuzi mwenye busara ataanza kwa kuliomba lile daftari.