Mwuguzi Aliyenifundisha Kusoma

Wanafunzi wangu, mwajua ya kuwa kazi ya mwalimu ni kufundisha watoto kusoma. Mimi nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 20. Lakini leo nataka kuwasimulia habari za siku ile nalipoonekana mimi mwenyewe kuwa sijui kusoma, na habari za mwuguzi aliyenifundisha.

Mwaka 2017, katika majira ya kipupwe, vidole vyangu vilianza kuvimba. Asubuhi nalipoamka vilikuwa vigumu kama vijiti, na saa nzima ilipita kabla sijaweza kufunga vifungo vya shati. Mke wangu alinifungia kama mtoto. Darasani chaki ilinianguka mara kwa mara. Watoto wakaiokota, wakanirudishia kwa adabu, wala hawakucheka. Na huko kutocheka kwao kuliniuma kuliko kicheko. Wazee wakaniambia, "Hii ni baridi yabisi. Jifunike, usinawe maji ya baridi." Nikajifunika, nikanawa maji ya moto, nikapaka mafuta, vidole vikazidi kuvimba, na magoti yakafuata.

Hata mwezi wa nne wa ugonjwa nikaenda hospitali kubwa ya mjini. Daktari alinipima damu, akanieleza maana yake. Kila mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu vya maradhi. Lakini katika ugonjwa wangu askari hao wamepotea njia, wanavishambulia viungo vya mwili wao wenyewe. Si baridi iliyouleta. Usipozuiwa mapema hula mifupa, na mfupa ulioliwa haurudi. Huwapata wanawake wengi kuliko wanaume, lakini wanaume nao hawakusazwa.

Kisha akanikabidhi kwa mwuguzi, mama aliyenizidi umri, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatunza wagonjwa wa viungo.

"Shikamoo, Sista," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, nipe mikono."

Akavibonyeza viungo vyangu kimoja kimoja, polepole, huku akiniuliza, "Hapa pauma? Na hapa je?" na kila jibu akaliandika. Viungo avihesabuvyo ni 28: mabega 2, viwiko 2, vifundo vya mikono 2, vifundo 10 pale vidole vianziapo, vifundo 10 vya katikati ya vidole, na magoti 2. Jumlisheni wenyewe, mwone kama nimekosea. Katika vyangu, 14 vilikuwa na maumivu.

Alipokwisha kuhesabu akaniuliza, "Mwalimu, wataka mikono hii ikufanyie nini?"

Naliliona swali hilo la ajabu, maana sikupata kuulizwa hivyo na mtu ye yote. Nikamjibu, "Nataka kushika chaki." Akaliandika neno hilo juu kabisa ya karatasi yake.

Akanipa vidonge viitwavyo methotrekseti, na karatasi ya maagizo, na namba yake ya simu, akasema, "Ukiona jambo, nipigie, usingoje siku yako ya kurudi." Akataka kunieleza yaliyoandikwa. Nami kwa kiburi changu nikasema, "Usijisumbue, Sista. Mimi ni mwalimu, nitaisoma." Nje watu walikuwa wengi wakingoja, basi akaniacha niende zangu.

Karatasi ilisema hivi: "Vidonge 4, mara moja kwa juma." Nikaitazama kwa haraka, nikaona "vidonge 4", nikaona "mara moja", nikaikunja. Kila siku asubuhi nikanywa vidonge 4. Siku ya tano kinywa changu kilijaa vidonda, hata chai ilinichoma. Siku ya sita homa ikanishika. Mke wangu akasema, "Mpigie yule mama." Nikaona haya, nikamwambia yatapita. Yeye hakubishana nami. Akaichukua simu, akapiga, akanishikisha sikioni.

Sista alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, nisomee ile karatasi kwa sauti, neno kwa neno."

Nikaikunjua, nikaanza kusoma. Nalipofika penye "kwa juma" sauti ilinikatika.

Hakunikemea. Alisema tu, "Usinywe hata kimoja tena. Njoo leo, usingoje kesho."

Nalilala hospitalini siku 9. Zile chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, zilikuwa zimepungua mno. Dawa ile ikinywewa siku moja kwa juma huwatuliza askari waliopotea. Ikinywewa kila siku huharibu mahali pale pale wanapozaliwa, ndani ya mifupa. Watu wamekufa kwa kosa hilo hilo, wala si katika nchi yetu peke yake. Mimi nalipewa dawa ya kuvunja nguvu zake, nikapona.

Siku ya saba Sista alikuja akaketi kando ya kitanda changu. Nikamwomba radhi. Akasema, "Kosa ni letu sote wawili. Wewe hukusoma, nami sikukusikia ukisoma. Tangu sasa hatoki mtu chumbani mwangu kabla hajanirudishia maagizo kwa kinywa chake mwenyewe. Haya, daktari akikuruhusu kuianza tena, siku yako itakuwa ipi?"

"Jumatatu," nikajibu, "siku tunayofungua juma shuleni. Jumatatu peke yake. Ijumaa nitakunywa asidi ya foliki ya kunikinga na madhara yake. Na damu yangu itapimwa kila utakaponiita."

"Sasa umesoma," akasema.

Nikamwuliza aliipataje kazi hii. Akaniambia kwamba alipomaliza kidato cha nne alisoma chuo cha uuguzi miaka 3, akasajiliwa, akafanya kazi wodini miaka 11. Hapo akaja daktari wa viungo, naye akaomba kufundishwa. Alijifunza kuhesabu viungo, kusoma majibu ya damu, na kuitambua hatari ya dawa kabla haijawa kubwa. Mshahara wake haukuongezeka kwa ajili hiyo, na wenzake wengine walimwambia anajitafutia taabu bure.

Lakini alikuwa amesoma habari za nchi nyingine. Huko Uingereza kazi hiyo ina cheo chake kwa miaka mingi. Mwuguzi aliyekwisha kusajiliwa na kuzoea wodi husoma zaidi habari za viungo; wengine huruhusiwa kuchoma sindano ndani ya kiungo, na tangu mwaka 2006 wale waliofuzu mafunzo ya kuandika dawa huziandika wenyewe, kila mmoja kwa kadiri ya ujuzi wake. Katika mji wa Leeds wagonjwa waligawanywa, wengine wakatunzwa na mwuguzi na wengine na daktari. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, yalionyesha kwamba wale wa mwuguzi hawakupungukiwa na kitu, tena waliijua zaidi hali ya ugonjwa wao. Na mwaka 2012 chama cha Ulaya cha kupambana na maradhi haya kiliandika kwamba yapasa kila mgonjwa aweze kumpata mwuguzi wa kumfundisha. Kwetu madaktari wa viungo ni wachache sana. Kwa hiyo mwuguzi wa namna hii atuhusu zaidi.

"Na wewe, Sista," nikamwuliza, "wataka mikono yako ikufanyie nini?"

Akacheka, kisha akafikiri. "Nina makusudi matatu," akasema. "La kwanza, mtu asifike kwangu baada ya mifupa yake kwisha kuliwa. La pili, kila mgonjwa aijue dawa yake kama ajuavyo jina lake. La tatu, kabla sijastaafu niwaache wauguzi wanaojua kuliko mimi. Hili la tatu ndilo gumu, kwa maana nawahitaji watoto wako."

Basi, wanafunzi, ndiyo sababu nimewaandikia habari hizi. Kazi ya mwuguzi huyu haina sifa nyingi. Ugonjwa anaoupiga vita hauishi. Hutulizwa tu, na mgonjwa wake atamrudia miaka yote. Lakini mtu aliyefungiwa vifungo na mkewe sasa ajifungia mwenyewe. Yeye na mwuguzi wake wote wawili wamefanya kazi. Aitakaye kazi hiyo na awe hodari wa hesabu na wa kusoma, na zaidi ya yote awe na masikio ya kumsikia mtu hata akiona haya kusema.

Kila Jumatatu kabla ya kengele mimi huitoa ile karatasi na kuisoma kwa sauti mpaka neno la mwisho, ingawa naijua kwa moyo. Kisha huchukua chaki, nikaingia darasani.