Lenzi Isiyojua "Hiyo"

Nilinunua lenzi iliyokwisha kutumika huko Lubumbashi, kwa dola 40: Nikkor ya milimita 200, f/4, ya kulenga kwa mkono. Ndani ya kioo kulikuwa na vumbi, na pete yake ilikuwa nzito kuzungusha. Lakini Nikon haijabadilisha mdomo wa kufungia lenzi za kamera za namna hii tangu 1959, kwa hiyo ilikaa vizuri kwenye kamera yangu ndogo ya dijitali. Tatizo ni kwamba kamera hiyo, ikifungwa lenzi ya zamani, haipimi mwanga. Unakisia, unapiga, unatazama, unarekebisha.

Niliipeleka Nzilo, kaskazini mwa Kolwezi, kwenye ziwa la Lualaba ambalo enzi ya Wabelgiji liliitwa Delcommune. Bwawa na kituo cha umeme sikuvielekezea kamera. Kila mtu hapa anajua sababu. Nilitaka wavuvi. Tasnifu yangu inahusu namna wanavyozungumza kazini, na kusema kweli nilikuwa naogopa kuwakaribia. Lenzi ya mbali ilinipa kisingizio cha kukaa nyuma ya majani na kuita hofu yangu utafiti.

Kasi niliweka 1/500 ya sekunde, maana kwa lenzi ndefu mkono ukitetemeka kidogo tu picha inaharibika. Mtumbwi ulikuwa kama mita thelathini kutoka kwangu. Kila mawimbi yalipousogeza, nilizungusha pete kuufuata. Hatimaye uso wa mzee mmoja ukatulia, mkali kabisa, mpaka mikunjo ya macho ikaonekana. Alinyoosha mkono, midomo ikacheza. Nilipiga. Nilikuwa na kinywa kinachosema, na sikuwa na hata neno moja.

Kwenye pete ya lenzi umbali umeandikwa kwa mita: unaanzia 2 na kuishia kwenye alama ya ukomo. Wote unapimwa kutoka kwangu. Kiswahili hakipimi hivyo. Tunafundishwa kuwa "hii" ni ya karibu na msemaji na "ile" ni ya mbali na wote wawili, lakini katikati ipo "hiyo", ambayo haielezeki bila msikilizaji: iko karibu na *wewe*, au tumekwisha kuitaja *sisi*. Mtu aliyejificha kwenye majani hana wa kumwambia "hiyo".

Mtumbwi ulipofika ukingoni, mzee alinijia moja kwa moja.

"Yambo, papa," nikasema.

"Yambo. Iyo kintu ni ya nini?"

*Iyo*: iliyokuwa mikononi mwangu. Nikamweleza.

"Uko unapiga batu foto bila kubauliza."

Sikuwa na jibu. Nikamwonyesha picha zote kwenye kioo cha kamera. Alizitazama polepole. Yake mwenyewe ilimfurahisha. Kisha akafika kwenye ya kijana aliyekuwa akivuta wavu, mwanga wa asubuhi begani, picha bora kuliko zote nilizopiga siku ile. Akasema niitoe, mama wa kijana hakuulizwa. Niliitoa mbele yake. Iliniuma, na bado inaniuma kidogo, lakini sikuona haki niliyokuwa nayo ya kubishana.

Baada ya hapo alinionyesha jiwe la kukalia. Nilimwomba ruhusa ya kuandika maneno yake, akakubali. Tulikaa karibu kuliko mita mbili, mahali ambapo lenzi ile haiwezi tena kulenga. Ningeielekeza kwake angekuwa ukungu mtupu. Ilibaki mkobani. Nilijaza kurasa sita kuhusu nyavu, upepo na vina vya maji.

Mwishoni nilimuuliza alisema nini pale mtumbwini aliponyoosha mkono.

"Niliuliza: ule muntu ni nani?"

Kumbe kidole kilikuwa kinanielekea mimi. Na "ule" lilikuwa neno sahihi kabisa.

Mwenzake alipokuja kutazama tunafanya nini, mzee alimwambia, "Uyu anasomaka Kiswahili ku université." Wakaangua kicheko: mtu mzima, kutoka mji mzima, anakwenda shule kujifunza Kiswahili! Nilicheka nao. Ila "uyu" niliiandika daftarini.