Sikio la Upande wa Pili

Kipimo cha kwanza cha utayari wa shule nilichofanyiwa maishani hakikuhitaji karatasi. Mwalimu aliniamuru nipitishe mkono wa kulia juu ya utosi, niguse sikio la kushoto. Vidole vikaishia nyweleni. Mama akanishika mkono uleule tukarudi nyumbani, na mwaka mzima uliofuata nilikuwa nikilivuta sikio lile kila asubuhi, nikiamini kwamba likirefuka kidogo tungekutana njiani. Kilikuwa kipimo cha kukisia umri tu, kwa kuwa wengi wetu hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa. Pale kijijini, hata hivyo, watu walikichukulia kuwa ni kipimo cha akili.

Zaidi ya miaka thelathini baadaye nilijikuta miongoni mwa watunga vipimo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikuwa imeufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu 2016, ada zilipoondolewa, madarasa yalifurika. Kikundi chetu kilitakiwa kuandaa dodoso la kutambua mapema watoto ambao hisia na mahusiano yao na wenzao yangewafanya wahitaji msaada zaidi darasani. Hatukuanzia patupu. Kulikuwa na dodoso la Robert Goodman la mwaka 1997, lenye vipengele 25, na lile la Magdalena Janus na Dan Offord wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ambalo hujazwa na mwalimu. Tukatafsiri, tukarekebisha, tukaenda uwandani.

Kipengele kimoja kiliuliza kama mtoto humtazama usoni mtu mzima anayezungumza naye. Kingine kiliuliza kama anaweza kutaja hisia zake. Binti mmoja wa miaka mitano aliinamisha macho tangu mwanzo hadi mwisho, akajibu kwa kunong'ona, na alipoulizwa anajisikiaje akiwa na hasira akanyamaza kabisa. Nilimwekea alama za chini kwa mkono wangu mwenyewe. Dakika chache baadaye nilimwona uwanjani akiwaamua wavulana wawili waliogombania mpira wa matambara, huku akimfuta kamasi mdogo wake aliyekuwa mgongoni. Mwalimu wake, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alichungulia karatasi yangu akasema, "Dokta, huyu ana adabu. Ungemuuliza anafanya nini mwenzake akisusa, angekueleza mpaka uchoke."

Kususa! Lugha yetu ina kununa, kudeka, kususa, kinyongo, na kila mtoto wa miaka mitano anajua tofauti zake. Sisi tulikuwa tumemletea "hasira" na "huzuni" zilizotafsiriwa kutoka kwingine. Na jambo hili halikuwa geni kwa wasomi. Robert Serpell, huko mashariki mwa Zambia, aliwauliza watu wazima wangemchagua mtoto yupi kumpa kazi fulani, na sababu walizotoa zilihusu uaminifu na uwajibikaji sawa na wepesi wa akili. Sara Harkness na Charles Super waliwakuta Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, wakitenganisha akili ya nyumbani na akili ya shuleni. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kusubiri kitafunwa: karibu watoto 70 katika kila 100 wa Kinso, Kamerun, waliweza kusubiri, ilhali wa Kijerumani hawakufika 30. Nilikuwa nimeyasoma mengi ya haya, hata kuyafundisha, kisha nikaenda kijijini na kalamu yangu.

Tulirekebisha vipengele. Hilo ndilo lililokuwa jepesi.

Msimu wa uandikishaji ulipofika, mama mmoja alinifuata na karatasi yetu mkononi, ina jumla ya alama chini na mstari mwekundu. Shule ilikuwa imemwambia amrudishe mwanawe mwakani. "Baba, mtoto wangu ana kasoro gani?" Nilikasirika, nikaenda kumwona mwalimu mkuu. Alinikaribisha kwa heshima, akanionyesha darasa la awali: watoto zaidi ya mia moja, mwalimu mmoja, mkeka mmoja. "Nimwache nani nje, Dokta? Angalau karatasi yenu imenisaidia kuchagua." Sikuwa na jibu la kumpa yeye, wala la kumpa yule mama, isipokuwa kwamba mwanawe hana kasoro. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, na sidhani aliniamini.

Tangu hapo nimeshikilia msimamo ambao wenzangu wa takwimu wanauona ni ukaidi. Waandishi wa dodoso la McMaster huyasoma matokeo yake kwa makundi, mtaa kwa mtaa, wala si kwa kumhukumu mtoto mmoja. Nasi tuliondoa jumla ya alama katika toleo la pili. Karatasi sasa inauliza pia darasa lina watoto wangapi, na kama kuna mtu wa kumbembeleza anayelia siku ya kwanza.

Wiki iliyopita ofisi moja imeniandikia. Wamelipenda toleo jipya, ila wanaomba niongeze kitu kimoja kabla ya mwisho wa mwezi: alama ya chini ambayo mtoto akiipata asipokelewe. Barua ingali mezani. Nimeandika tarehe na salamu tu.