Kuomba kwa Nia: Tafakari Pamoja na Jirani Zetu Waislamu



Kabla ya Misa, nia hutangazwa kanisani. Familia moja inawaombea wazazi marehemu, nyingine inashukuru kwa mtoto aliyezaliwa, mwanafunzi anaombewa kwa ajili ya mtihani wa Serikali. Neno hilo, nia, limetoka katika Kiarabu, na jirani zetu Waislamu wa Makiso wanalitumia kila siku kwa maana iliyo karibu sana na yetu. Ndivyo ilivyo pia kwa neno dua, na kwa neno sala, ambalo wao hulitamka swala. Tunaposali kwa Kiswahili, tunasali kwa maneno ambayo wengine waliyatumia kabla yetu.

Historia ya maneno hayo katika mji wetu haikuwa ya amani. Stanley alipita kwenye maporomoko ya Wagenia mwaka 1877, na kituo kikaanzishwa hapa mnamo Desemba 1883. Mwaka 1887 mfanyabiashara wa Zanzibar, Hamed bin Muhammed, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, alifanywa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Misafara ya wafanyabiashara wale ilileta Kiswahili na Uislamu. Ilileta pia bunduki na utumwa, wala hatupaswi kuuficha ukweli huo. Mwaka 1897 Padre Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadre wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alifika na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Tangu wakati huo Wakristo na Waislamu wamezaliwa, wameoana, wamezikana na kumwomba Mungu kwenye kingo za mto mmoja.

Tuangalie basi jinsi Mwislamu anavyofundishwa kuomba. Swala yake ya kila siku ina nyakati tano, mwelekeo wake na maneno yake ya Kiarabu. Dua ya mtu binafsi ni kitu kingine. Anaweza kuiomba saa yoyote na kwa lugha anayoifahamu, iwe Kiswahili, Lingala au lugha ya bibi yake. Desturi njema ni kuanza kwa kumsifu Mungu na kumsalia Mtume Muhammad, kuinua mikono, kukiri udhaifu wake, kisha kusema haja yake. Zipo nyakati ambazo wanazithamini zaidi: theluthi ya mwisho ya usiku, wakati wa kusujudu, wakati wa kufuturu, wakati mvua inaponyesha.

Lakini juu ya adabu hizo zote wanaweka nia. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alipokusanya mapokeo ya Mtume, hadithi ya kwanza aliyoiweka katika kitabu chake ni ile inayofundisha kwamba matendo hupimwa kwa nia zake. Nao wanazuoni wanasema makao ya nia ni moyoni. Ulimi unaweza kutamka mengi, lakini moyo usiojua unachotaka bado haujaanza kuomba. Ndiyo maana Mtume aliwakataza wafuasi wake kumwomba Mungu kwa kusitasita, kana kwamba wanasema: ukipenda nipe, usipopenda basi. Aombaye aombe kwa uthabiti, kwa sababu hakuna anayeweza kumlazimisha Mungu, na kwa hiyo hakuna haja ya kumwogopea kwamba tutamsumbua.

Tulimwuliza mama mmoja Mwislamu anayeuza vitenge katika soko kuu: “Mama, unapoomba, unasema nini?” Alitujibu huku akikunja kitambaa: “Wanangu, ninamtaja mtoto kwa jina lake. Ninautaja ugonjwa wake. Nina deni, ninalitaja na kiasi chake. Mungu anajua yote, lakini mimi ndiye ninayetakiwa kujua ninaomba nini.”

Jibu hilo limo pia katika Injili yetu. Bartimayo kipofu alipopaza sauti njiani karibu na Yeriko, Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Kila mtu aliyekuwapo aliona kwamba yule ni kipofu, na Bwana hakuhitaji kuelezwa. Hata hivyo alimpa yule maskini heshima ya kutamka haja yake mwenyewe, naye akasema anataka kuona. Zakaria pia, ambaye Waislamu wanamheshimu kama nabii, anasimuliwa katika Kurani kuwa alimwita Mola wake kwa siri, akaitaja mifupa yake iliyodhoofika, mvi zake na ugumba wa mke wake. Hakuomba “baraka” kwa ujumla. Aliomba mtoto.

Mtu anayeitaja haja yake hukutana kwanza na moyo wake. Tuliliona jambo hili katika chama chetu. Mnamo Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulizuka upande wa pili wa mto, Lubunga. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na wengi walivuka kwa mitumbwi kuja upande wetu. Kijana mmoja kati yao alianza kukaa nasi baada ya Misa. Wiki kadhaa, kila mmoja alipotaja nia yake, yeye alisema neno moja tu: amani. Siku moja mzee wetu alimwuliza kwa upole: “Mwanangu, ni amani kweli unayoiomba?” Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema anachokitaka ni kwamba walioichoma nyumba ya baba yake wafe wote.

Hakuna aliyemkemea. Waislamu wanafundishwa kwamba kati ya Mungu na dua ya aliyedhulumiwa hakuna pazia, na Zaburi zetu zimejaa vilio vya namna hiyo hiyo. Mtu aliyeumizwa hatakiwi kuja mbele ya Mungu na uso wa kuazima. Lakini wanafundishwa pia kwamba dua ya kuomba dhambi, au ya kukata udugu, haipokelewi. Kumbe kuitaja haja waziwazi kuna kazi mbili: Mungu anaipokea huzuni yetu jinsi ilivyo, nasi tunasikia kwa masikio yetu wenyewe ni kitu gani hasa tunakiomba. Baada ya miezi kadhaa nia ya kijana yule ilibadilika. Alimtaja mama yake aliyebaki kijijini. Alitaja shamba lao. Kisha akaongeza: “Na nisiwe kama wao.” Neno amani hakulitumia, lakini kila aliyekuwapo alilisikia.

Je, uthabiti huo si kumwamuru Mungu? Waislamu wana sala inayoitwa istikhara, kwa mtu aliye mbele ya uamuzi: ndoa, safari, kazi. Husali rakaa mbili, kisha huomba dua ambayo ndani yake analitaja jambo lenyewe. Humwomba Mungu alijalie kama lina heri kwake, aliepushe kama lina shari, kisha amjalie heri popote ilipo na kumfanya aridhike nayo. Jambo linatajwa kwa jina lake, halafu linaachwa mikononi mwa Mungu. Nasi tunapotafakari usiku wa Getsemani tunamwona Bwana wetu akisema wazi anachokitaka, yaani kikombe kimwondokee, kisha akijikabidhi kwa mapenzi ya Baba. Asiyeitaja haja yake hana cha kukabidhi.

Hatusemi kwamba sala zetu ni moja. Sisi tunamwita Mungu Baba kwa njia ya Mwanae Yesu Kristo, katika Roho Mtakatifu, na jirani zetu hawaungami hivyo. Heshima haihitaji kuifuta tofauti hiyo. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kuwaangalia Waislamu kwa heshima, kama watu wanaomwabudu Mungu mmoja na kuthamini sala, sadaka na kufunga. Kijana Mkatoliki anayemwona jirani yake ameinua mikono ukutani mwa duka lake ana sababu ya kupunguza sauti ya redio, na ana sababu ya kujiuliza yeye mwenyewe leo ameomba nini.

Tunawapendekezea zoezi dogo kwa mkutano wenu ujao. Kila mmoja achukue karatasi, aandike nia yake kwa sentensi moja, na sentensi hiyo iwe na jina la mtu au la jambo. “Familia yangu” isitoshe: ni nani katika familia, na ana nini? Kisha aandike nia ya pili kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Waislamu wanaamini kwamba anayemwombea ndugu yake kwa siri, malaika humwombea naye mfano wa hayo. Kwa sisi wa Makiso mtu huyo si vigumu kumpata. Anaweza kuwa ng'ambo ya mto, Lubunga, upande wowote wa ugomvi ule. Asiyeweza bado kuliandika jina hilo aiache nafasi yake wazi kwenye karatasi, aiweke mbele ya Mungu hivyo hivyo, na wiki ijayo aichukue tena.